Riwaya Baada ya Mtihani: Kisa cha Mwezi Mmoja wa Kusoma Mombasa

Muulize mtu yeyote aliyesomea Kenya ni riwaya ipi ya Kiswahili aliyoisoma mwisho, na jibu lake litakuonyesha alikuwa kidato cha nne enzi zipi. Akitaja Utengano, ni wa rika moja. Akitaja Kidagaa Kimemwozea, ni wa waliofuata. Wa Chozi la Heri ni wa juzi, na wa Nguu za Jadi ndio kwanza wanatoka shule. Nimeliuliza swali hili kazini, harusini na kwenye foleni ya feri Likoni, na ni nadra kumpata mtu ambaye riwaya yake ya mwisho si ile aliyotahiniwa. Watu hawa si wavivu wa kusoma. Husoma magazeti, husoma vitabu vya dini, husoma jumbe ndefu za simu hadi usiku wa manane. Ila riwaya waliikunja siku ile ile walipoikunja sare ya shule.

Kisa ninachokichambua hapa kilianzia kwenye hali hiyo. Novemba iliyopita kikundi kidogo cha wasomaji, nami nikiwemo, kilijiwekea changamoto ya kusoma riwaya za Kiswahili kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza kilikaribia kuvunjika. Wiki ya nne watu walikuwa wakigombania nakala. Kilichotokea katikati kinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana naamini kinagusa jambo ambalo walimu, wachapishaji na wazazi wa pwani hii wanalipita kila siku bila kulitazama vizuri.

Watu, masharti na vitabu

Hatukutimia dazeni. Palikuwa na fundi cherehani kutoka Majengo, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, dereva wa tuktuk, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, mwanafunzi wa chuo, na mama wa Kisauni anayeuza viazi karai jioni, ambaye bintiye alikuwa akifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, mwezi huohuo. Na palikuwa na mzee wa Mji wa Kale aliyeumalizia ujana wake Kilindini akipakua meli kwa bega, kabla kontena hazijashika kazi. Vijana walimwita Ami, nami nitamwita hivyo. Ami aliacha shule darasa la saba. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa kisa chote kimeegemea hapo.

Masharti yalikuwa mepesi. Kila mtu asome riwaya nne, moja kwa wiki. Kila Jumamosi baada ya alasiri tukutane kwenye baraza ya nyumba moja Kibokoni, kila mmoja aeleze alichosoma. Anayemaliza kitabu ajiandike kwenye jedwali la kikundi cha WhatsApp. Hapakuwa na zawadi.

Kikwazo cha mwanzo kilikuwa vitabu vyenyewe. Ingia duka la vitabu la katikati ya mji wakati shule zinafunguliwa: riwaya teule, ile inayotahiniwa, imepangwa mpaka karibu na dari, na kando yake miongozo yake, mitatu au minne, ya wachapishaji mbalimbali. Ulizia riwaya nyingine yoyote, hata ya mwandishi mkubwa, utaambiwa iagizwe Nairobi. Siwalaumu wauzaji. Mchapishaji hupiga chapa kinachouzika, na kinachouzika kwa wingi ni kile ambacho taasisi ya mitaala, KICD, imekipitisha kikaingia kwenye orodha ya mtihani. Kikiwa kwenye orodha, hukikosi hata kwenye maduka ya kalamu na daftari. Siku kinapotolewa, hakuna anayekiagiza tena. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, iliwahi kusomwa na wanafunzi nchi nzima. Mwandishi wake alikuwa mtu wa Ribe, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na katika maduka tuliyopita Mombasa hatukuiona hata moja. Mwisho wa Kosa ya Z. Burhani, ambayo mama zetu waliisoma darasani, mwanafunzi wa chuo kwenye kikundi hakuwa amelisikia hata jina lake. Ongeza hapo kwamba Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea vitabu ushuru wa asilimia 16, na utaelewa kwa nini mtu mwenye kipato cha kawaida hanunui riwaya isiyomletea mtoto wake alama.

Kwa hiyo tulikusanya vilivyokuwepo. Vingine vilitoka maktaba ya taifa pale Msanifu Kombo, vingine kwenye makabati ya wazazi, vingine kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Tukapata Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rosa Mistika na Nagona za Euphrase Kezilahabi, Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, na Kuli ya Adam Shafi, nakala moja tu, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeshikwa na gundi ya karatasi. Kuna aliyependekeza tuipige picha yote tuigawe kwenye simu. Tulikataa. Riwaya ya Kiswahili haimpi mwandishi wake utajiri, na kumnyima hata kile kidogo ni dhuluma. Tukakubaliana nakala izunguke mkono kwa mkono, usiku mbili tatu kwa kila mtu.

Jumamosi ya kwanza

Karani ndiye aliyeanza. Alikuwa ameisoma Kuli, riwaya ya 1979 kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Akafungua daftari akasoma: maudhui ya riwaya hii ni unyonyaji, matabaka, umoja wa wafanyakazi na nafasi ya mwanamke katika jamii. Akafunga daftari.

Akafuata fundi cherehani na Nyota ya Rehema. Maudhui yake, akasema, ni unyonyaji, matabaka, ubaguzi na nafasi ya mwanamke katika jamii.

Mwanafunzi wa chuo akaja na Rosa Mistika. Malezi, mmomonyoko wa maadili, na nafasi ya mwanamke katika jamii.

Hapo ndipo baraza ilipokufa. Hakuna aliyekuwa na swali kwa mwenzake, na unauliza nini mtu akishakupa orodha? Riwaya tatu za waandishi watatu, moja ya bandarini, moja ya mashambani Unguja, moja ya Ukerewe, zilikuwa zimegeuka kuwa kitu kimoja kisichokuwa na harufu wala sauti. Na waliosema hivyo walikuwa wamezisoma kweli. Fundi aliniambia baadaye kwamba alilia usiku aliposoma jinsi Rehema anavyonyimwa mapenzi na baba yake mzazi. Kilio hicho hakukileta barazani. Hakujua kwamba kilikuwa na nafasi pale.

Kahawa ikamiminwa. Watu wakaanza kutazama simu. Ami, ambaye Kuli ilikuwa imemfikia Jumatano, akaomba kusema.

"Mimi hayo mulosema siyajui," akasema. "Nataka kuuliza jambo moja. Huyu Rashidi, siku ya kwanza aliyobeba mzigo, usiku wake alilala?"

Karani akakichukua kitabu akaanza kupekua. Ami akamzuia kwa mkono.

"Hakulala. Siku ya kwanza hulali, wanangu. Bega lawaka moto, na ukigeukia upande wa pili shingo nayo yakataa. Mamangu alinikanda kwa maji ya chumvi mpaka adhana ya alfajiri, na kulipokucha nikarudi, kwa kuwa jina langu lilikuwa lishaandikwa."

Kisha akavua shuka aliyoitupia begani, akaingiza pembe moja ndani ya nyingine ikawa kama kofia yenye mkia mrefu, akaivaa kichwani mpaka ikamfunika shingo na mgongo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakilivaa gunia tupu siku za saruji, akaeleza, kwa sababu vumbi la saruji likichanganyika na jasho hula ngozi. Siku za sukari ilikuwa afadhali, ila nyuki. Dereva wa tuktuk akauliza walilipwa kwa gunia au kwa zamu. Mama wa Kisauni akauliza aliyeumia alitibiwa na nani. Karani, ambaye kila siku hujaza fomu za mizigo pale pale Kilindini, akauliza kama kweli mtu mmoja aliweza kupanda ngazi ya meli na mzigo huo. Ami alijibu kila swali, na kila jibu alilirudisha kitabuni: hapa Adam Shafi kasema kweli, hapa nahisi kapunguza, hapa mtu huyu Rashidi angekuwa zamu yetu tungemfunza mapema.

Akatugusia pia mgomo wa Mombasa, kama alivyousikia kwa baba yake. Mgomo huo ni wa kweli na una nafasi yake katika historia: Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli, mahoteli na majumba walisimamisha mji huu, wakaunda chama cha African Workers Federation, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa na serikali ya kikoloni mwaka huohuo. Mwaka mmoja baadaye ndipo makuli wa Unguja walipogoma, na huo ndio mgomo wa kwenye riwaya. Karani alikuwa amesoma Kuli kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hufanya kazi kwenye gati zilizowahi kusimama namna ileile. Nasema hivi bila kumshusha hata kidogo. Nami nilikuwa nimeisoma hivyo hivyo.

Kwa nini aliyeacha darasa la saba aliwashinda

Ami hakuwa amesoma kwa kina kuliko wenzake. Hata hakuwa amemaliza kitabu. Kilichomtofautisha ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpa alama kwa kusoma riwaya.

Sisi wengine tulipitia Karatasi ya Tatu ya mtihani wa Kiswahili, ile ya fasihi: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi, alama 80. Kila aliyeipitia anaikumbuka sentensi hii mpaka leo: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Alama 4. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, ni kwa nini. Kisha taja mbinu za lugha, fafanua sifa za mhusika, thibitisha maudhui. Mwenye kusahihisha ana orodha ya hoja, na mwanafunzi mwerevu hujifunza kuandika hoja zinazofanana na orodha hiyo. Hapo mwongozo unakuwa na faida kuliko riwaya, kwa sababu mwongozo umeshaandikwa kwa umbo la majibu. Mwanafunzi aliyekazana na kitabu chenyewe akafika mwisho akiwa amefadhaika, hana pa kuiandika fadhaa yake. Haina alama.

Mama wa Kisauni aliliona hili nyumbani kwake mwezi ule ule. Baada ya kufunga karai, alikuwa akikaa jikoni na Nyota ya Rehema, mafuta bado yakinuka mikononi. Chumba cha pili bintiye alikuwa akikariri sifa za wahusika wa Nguu za Jadi kutoka kwenye mwongozo. Usiku mmoja binti akatoka kuchukua maji, akamwona mama anasoma, akauliza: "Mama, hicho kitatahiniwa mwaka gani?" Alipoambiwa hakitahiniwi, akasimama kidogo, akauliza tena kama mama amesajiliwa masomo ya watu wazima. Mtoto huyu ni mwerevu, na anapenda Kiswahili. Katika miaka yake yote ya shule hakuwa amemwona mtu mzima anasoma riwaya bila kuwa na mtihani mbele yake.

Simaanishi fasihi isitahiniwe. Bila orodha ya mtihani, wengi wetu tusingeshika riwaya hata hiyo moja, na Ken Walibora asingekuwa jina linalojulikana kila kijiji kupitia Siku Njema. Shida ninayoiona ni mpangilio: istilahi zinakuja mwanzo, msomaji anakuja baadaye. Anaingia kwenye kitabu akiwa na vikapu vinne vyenye majina, anaokota kinachoingia humo, kingine chote anakiruka. Usingizi wa Rashidi hauna kapu.

Jedwali linafutwa

Wiki ya pili tulibadilisha masharti. Jedwali la kuhesabu vitabu likafutwa. Kila mtu alete ukurasa mmoja tu, ule uliomsimamisha, ausome kwa sauti, kisha aseme alisimama kwa nini. Neno "maudhui" lisitajwe mpaka mtu mwingine awe ameuliza swali.

Karani alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Alikuwa amemaliza riwaya mbili tayari, amekesha, na sasa hesabu yake inafutwa. Alisema watu wazima wenye kazi na watoto hawasomi bila lengo linalohesabika, na kwamba baraza bila jedwali ni porojo. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko tulivyotaka. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba anayependa aendelee kuhesabu kivyake.

Upande wa pili wa hesabu aliuonyesha dereva wa tuktuk. Yeye alichagua Nagona kwa sababu ni nyembamba. Haifiki kurasa mia, na alidhani ataimaliza akingoja abiria hapo Marikiti. Wanaoijua Nagona watamhurumia. Kezilahabi aliitoa 1990, na Mzingile ikafuata 1991, baada ya riwaya zake ndefu za mwanzo zinazosomeka kwa urahisi, na hizi mbili ndogo ndizo ngumu kuliko zote alizoandika. Kijana alirudi ameudhika. "Mwalimu, kitabu hiki hakina hadithi. Mtu anatembea tu, anakutana na watu wanasema mafumbo."

Sasa mwalimu wa Kiswahili, ambaye tangu Jumamosi ya kwanza alikuwa kimya akiona kama tunaitukana kazi yake, akapata pa kuingilia. Hakumpa kijana maudhui. Alimwambia kwamba Kezilahabi alikuwa pia mtu wa falsafa, kwamba tasnifu yake ya udaktari huko Wisconsin, Marekani, ilihusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi, na kwamba katika Nagona hakutaka kusimulia kisa cha mtu bali kuitafuta kweli yenyewe, na utafutaji hauna njia iliyonyooka. Akamwambia aache kungoja hadithi ianze, asome kila kipande kama anavyolisikiliza shairi. Kijana akakirudia. Jumamosi iliyofuata alisoma ukurasa wake polepole, akisita kwenye kila nukta, akasema hajaelewa nusu yake lakini hataki kukirudisha bado.

Tukio hili lilinifunza mengi kuliko lile la Ami, kwa sababu lilinizuia kufikia hitimisho jepesi. Ni rahisi kusema shule imeua riwaya, tuwaachie wazee wa baraza. Ami asingemsaidia kijana kwa Nagona. Mwalimu alimsaidia, na alimsaidia kwa elimu ile ile tuliyoikimbia wiki iliyotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii kijana ndiye aliyeuliza. Elimu ilikuja kujibu shida yake, naye aliipokea kama mwenye kiu.

Mji wa mashairi

Kusoma kwa sauti kulileta jambo lingine ambalo hatukulitarajia. Mombasa haijawahi kuwa mji wa riwaya. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, wa Ahmad Nassir, wa Abdilatif Abdalla aliyeandika Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Fahari yetu ni beti. Riwaya kubwa za Kiswahili zilikuja kwetu kutoka Tanga, Unguja, Ukerewe na bara. Lugha yake pia si ya nyumbani: mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, 1928, na Kimvita, lahaja ya mji huu, kikaachiwa washairi. Wapo wazee ambao bado jambo hilo halijawatoka moyoni.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Riwaya inataka mtu akae peke yake kimya kwa saa kadhaa. Nyumba ya Kibokoni au Kuze yenye vizazi vitatu, televisheni, watoto na wageni wa jioni haina kona ya namna hiyo, na mwanamke akikaa na kitabu mchana huonekana ameacha kazi. Mtu akizoea kusikia maneno mazuri kwa masikio, pamoja na wenzake, kumwambia akasome kivyake chumbani ni kumpa nusu ya anachokijua.

Ukurasa uliposomwa barazani, ulirudi kwenye mazingira yanayotufaa. Wapita njia walisimama. Fundi cherehani, safari hii, alisoma ukurasa wa Rehema na baba yake, na hakuhitaji kueleza alisimama kwa nini. Sauti ilimkatika katikati, mama wa Kisauni akakipokea kitabu akaendeleza. Baadhi ya watu walisikiliza riwaya nzima hivyo, ukurasa hapa ukurasa pale, kabla ya kuiomba waisome wenyewe. Foleni ya nakala ndipo ilipoanza. Kuli ilivuka feri kwenda Mtongwe na kurudi, ikapata jalada jipya la karatasi ya kaki, na pembeni mwa kurasa mtu akaandika kwa penseli alama za kuuliza ambazo wenzake walizijibu.

Mzimu wa Watu wa Kale nitaipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa haikuleta tabu yoyote. Kila aliyeishika aliimaliza. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, na kiko chake wana mvuto uleule waliokuwa nao kitabu kilipotoka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58. Anayetaka kuanzisha kikundi, aanze na hiki.

Uhuru wa Watumwa ilizua ubishi mkali kuliko vyote. Ilichapishwa 1934, na inasimulia habari za waliookolewa utumwani, wakiwemo waliopewa makao Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliyaanzisha 1875 upande wa Kisauni. Mama wa Kisauni hupita Kengeleni kila siku kwa matatu. Ile kengele ya kando ya barabara ameiona tangu utotoni, na kwake "Kengeleni" lilikuwa jina la stendi. Alipoleta ukurasa wake alikuwa na hasira mbili. Ya kwanza, kwamba amefika umri huu hajaambiwa na mtu ni watu gani waliishi pale. Ya pili, ilikuwa kwa mwandishi: anawashukuru Waingereza kurasa baada ya kurasa kwa kuwaokoa watumwa, na haulizi wao wenyewe walitaka nini kwa nchi hii. Mwanafunzi wa chuo alimtetea Mbotela, kwamba ni mtoto wa waliokombolewa, aliandika chini ya ukoloni, na kitabu kilichapishwa London. Mama akamjibu, "Mwanangu, shukrani yake naielewa. Lakini mimi nasoma leo." Sijasikia uhakiki mzuri zaidi wa kitabu kile, na haukuwa na istilahi hata moja.

Mwezi ulipoisha

Waliotimiza riwaya nne walikuwa wachache, karani mbele yao. Wengi walisoma mbili. Fundi alisoma Nyota ya Rehema peke yake na akairudia. Kwa masharti ya mwanzo, changamoto ilishindwa.

Kwa tathmini yangu, karani alikuwa sahihi kuliko nilivyokubali siku ile ya mabishano. Lengo la vitabu vinne ndilo lililotutoa majumbani. Bila namba ile, hakuna ambaye angeacha kazi yake Jumamosi ili akakae barazani na riwaya ya 1979 isiyo na jalada. Kosa la mpango lilikuwa kuiachia hesabu iendelee kutawala baada ya watu kukutana, kwa sababu hapo ikaanza kuwaamulia wasome nini na waseme nini. Inafaa kuvutia watu, haifai kuongoza mazungumzo. Tukirudia, jedwali litakuwepo wiki ya kwanza, kisha tutaliondoa bila ugomvi kwa kuwa kila mtu atakuwa ameambiwa mapema.

Lipo pia suala la mwalimu. Ameamua kulijaribu jambo hili darasani kwake, na amenieleza mpaka wa uwezo wake: kipindi ni dakika arobaini, silabasi ni ndefu, na mwalimu mkuu anaangalia wastani wa alama. Anachoweza ni kuwaachia kidato cha tatu wasome sura za mwanzo za riwaya teule kabla hajawaruhusu kununua mwongozo, na kila mmoja alete ukurasa uliomsimamisha. Nimemwomba aniandikie yatakayotokea, hata yakiwa mabaya.

Januari tunasoma Walenisi. Mwanafunzi wa chuo ameahidi kutafuta nakala Nairobi, karani analipia ya pili, na Ami, ambaye sasa amemaliza Kuli na kuwakopesha majirani, ameuliza kama Katama Mkangi ni wa ukoo anaoujua Ribe. Binti wa Kisauni amemaliza mitihani yake. Mama amemwambia nafasi ipo barazani akitaka, na kwamba asilete daftari.